Sketi Tatu za Mtoto Mmoja

Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa thelathini na moja, na sijawahi kurudishiwa nguo. Wanaonijua wanasema nina mdomo. Sikatai. Mteja akidai nimekosea kipimo, nampima upya palepale mbele za watu, mpaka aombe radhi. Naisema tabia hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyomfikisha mdogo wangu alipo sasa.

Mdogo wangu alikuwa mlinzi kwenye ofisi ya Mheshimiwa mmoja, mwanasiasa aliyependwa na watu na kuchukiwa na wakubwa wenzake. Jumamosi moja asubuhi watu watatu waliingia getini, na Mheshimiwa akapigwa risasi mbili akishuka kwenye gari. Wale watatu hawakuonekana tena. Bunduki iliyoua ilikuwa ya mdogo wangu. Yeye alisema alinyang'anywa. Serikali ikasema uongo, alijua tangu mwanzo, alipanga nao, na kidole kilichofyatua ni chake. Akishindwa kesi, ni kitanzi.

Kesi yenyewe ilisimama juu ya shahidi mmoja, muuza vipuri. Huyo aliapa kwamba Jumapili iliyotangulia, saa nane mpaka saa kumi mchana, mdogo wangu alikuwa chumba cha nyuma ya duka lake, pamoja na wale watatu, wanapanga mauaji. Niliposikia nilicheka kwa hasira. Jumapili ile, saa hizo hizo, mdogo wangu alikuwa kwangu, amekaa kwenye benchi na kunizibia mwanga.

"Una chochote cha kuthibitisha, mama?" wakili wetu aliniuliza.

"Nina daftari la vipimo."

Kila anayeingia kwangu namwandika: jina, tarehe, saa aliyokuja, saa aliyoondoka. Wateja ni wajanja. Mtu analeta kitambaa jioni, kesho anaapa alikileta asubuhi. Kurasa za daftari langu zina namba, huwezi kuchomeka wala kuchomoa. Wakili aliufungua ukurasa wa Jumapili ile, akaona jina la mtoto wa mdogo wangu, na chini yake "kaja na baba, saa nane kasorobo, wametoka saa kumi na robo." Akalifunga daftari kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Njia ya mwongo fupi," akasema. "Muuza vipuri kwisha habari yake, na kesi yote imekwisha."

Aliangalia saa tu. Vipimo hakuvisoma, na mimi sikumwonyesha, maana kwangu vilikuwa vipimo kama vingine.

Siku ya kutoa ushahidi nilivaa gauni langu la heshima. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikaa mstari wa mbele, amekonda hata nguo zake nimezipunguza mara mbili. Mdogo wangu alikuwa kizimbani, macho chini. Wakili wetu akaniongoza vizuri, nikaeleza: Jumapili huwa nafunga, ila siku ile nilikuwa na magauni sita ya harusi, ndiyo maana nilikuwa kazini. Mdogo wangu alikuja na binti yake wa miaka minane, kupimwa sketi za shule. Jaji akaliangalia daftari, akatikisa kichwa taratibu kukubali. Nilimwona wifi akishusha pumzi.

Kisha akasimama mwendesha mashtaka. Mtu mpole, sauti ya chini, kalamu sikioni.

"Mama, hongera kwa kazi. Hebu nisaidie kusoma hapa. Mtoto huyu ni mmoja?"

"Mmoja."

"Alipimwa mara moja, siku moja?"

"Ndiyo."

"Mbona naona urefu wa sketi ni inchi kumi na tisa, halafu ishirini na moja, halafu ishirini na tatu na nusu? Kiuno nacho kinapanda. Mtoto gani anakua inchi nne na nusu mchana mmoja?" Watu wakacheka. "Mimi nadhani ukurasa huu umeandikwa juzi, haraka haraka, kumwokoa ndugu. Na kama si hivyo, basi mama yetu hajui kupima."

Angesema mimi ni mwongo, ningevumilia. Lakini hajui kupima? Damu ilinipanda.

"Baba," nikamwambia, "hilo joho ulilovaa bega la kushoto limeshuka, na aliyekushonea alikuwa amesinzia. Mimi sikosei kipimo. Nilimpima mtoto mara moja, kumi na tisa. Hizo nyingine ni za mbele. Ishirini na moja ni ya mwakani, na ile ya tatu ni ya mwaka wa tatu. Baba yake alitaka sketi tatu, kila mwaka na yake. Fundi yeyote anajua kukadiria mtoto atakavyokua."

Watu walicheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Nikaona nimemkomesha. Nilisimama pale nimeinua kidevu, mjinga mimi, nikijisikia vizuri kabisa.

Hakukasirika. Aliitoa kalamu sikioni.

"Asante, mama. Miaka ya nyuma alikuwa anashonesha sketi tatu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Daftari lilikuwa mezani kwa Jaji, na miaka yote ilikuwemo. Niliapa kusema kweli, lakini hata bila kiapo ningedanganya vipi?

"Hapana," nikasema.

"Alikuwa anashonesha ngapi?"

"Moja. Kila mwaka mpya."

"Na mwaka huu, siku sita kabla Mheshimiwa hajauawa, akaja kumshonea mwanawe nguo za miaka mitatu. Alikwambia anasafiri?"

"Hapana."

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Sina swali zaidi."

Wakili wetu aliinama akiangalia karatasi zake kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Wifi alinitazama. Hajasema nami neno mpaka leo, na simlaumu. Mdomo uliponza kichwa, ila kichwa chenyewe hakikuwa changu.

Muuza vipuri kweli alionekana mwongo. Jaji aliandika hivyo kwenye hukumu. Lakini aliandika pia kwamba mtu anayemvisha mwanawe miaka mitatu mbele anajua hatakuwepo kumvisha, na hivyo mshtakiwa alijua mauaji yanakuja. Wakati Jaji akisema neno kunyongwa, mdogo wangu hakumwangalia. Aliniangalia mimi, na wala hakuwa na hasira.

Wiki mbili baadaye niliruhusiwa kumwona gerezani. Kati yetu kulikuwa na waya na meza, na askari anayechokonoa kucha zake. Nilianza kulia kabla sijakaa.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuua kwa majivuno."

"Usilie, dada. Ulisema kweli."

"Ulikuwa unajua?"

Akamtazama askari, akasogeza uso kwenye waya.

"Ijumaa, siku mbili kabla sijamleta mtoto kwako, walinifuata nyumbani. Walikuwa na picha ya mtoto anatoka shule. Wakasema Jumamosi ya wiki ijayo geti liwe wazi na bunduki iwe mezani, basi. Nikifunga, au nikisema, hata mahakamani, mtoto. Risasi sikupiga, dada. Lakini kujua nilijua."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi dada yako, nimekulea kwa mikono hii."

Aliegemeza paji la uso kwenye waya.

"Jumapili ile nilikaa kwako zaidi ya saa mbili," akasema. "Kwani kupima mtoto ni saa mbili? Sikuweza kuanza mwenyewe. Wewe tangu utoto wangu huulizi mara moja, unaniuliza mpaka natapika yote. Nikasema nikitaka sketi tatu, dada lazima ataniuliza. Nikakaa nangoja."

Askari akasema muda umekwisha.

Nilikumbuka nilichomwambia siku ile. Nilimwambia asogee, ananizibia mwanga, na kwamba mtu anayenunua nguo za miaka mitatu ama ameokota hela ama anahama mji. Nikacheka mwenyewe, nikarudi kwenye cherehani. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na magauni sita ya harusi. Nikaona aibu, nikainuka.