Bapa Mabegani mwa Wamono

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Julai 2026, saa nne na robo asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu ulikuwa bado umeukalia mgongo wa mlima Wanale, na tope la mtaa wa viwanda wa Mbale lilikuwa limepanda hadi ngazi ya ghala la Hajati Habibah. Eseza alifuta viatu mara mbili kabla ya kuingia. Isabirye, aliyeendesha gari kutoka Jinja tangu alfajiri, aliingia na tope lake.

Wote wawili walifanya kazi Vigeuzi, karakana ya Jinja iliyotengeneza roboti za plastiki zinazojikunja na kuwa magari. Kila roboti ilikuwa na mji wake wa mashariki, na hadithi yake nyuma ya boksi. Turubai wa Jinja alikuwa lori la miwa lililochoka kupakiwa kupita kiasi, likaamua kusimama kwa miguu miwili. Saruji wa Tororo alikuwa gari la kuchanganya zege, na tumbo lake lilizunguka alipokasirika. Isabirye alichora viungo. Eseza alitunga hadithi. Mbale haikuwa na roboti yake.

Sasa ilikuwa nayo, moja tu, ndani ya mkoba wa Eseza. Jina lake Wamono. Alikuwa greda la manjano lililochonga barabara ya kupanda Wanale. Akigeuzwa, alisimama kama kijana wa Kigisu siku ya kutahiriwa: macho mbele, magoti yamenyooka, na lile bapa la kuparia udongo limelala nyuma ya shingo, limeshikwa kwa mikono miwili kama fimbo. Mwaka ulikuwa wa shufwa, mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu, na Agosti ngoma zingeanza.

Eseza alikuwa Mgisu kwa ukoo. Kwa makazi alikuwa mtu wa Jinja, aliyekulia katika kambi ya askari magereza, na baba yake alikufa kabla ya kumpeleka nyumbani mara ya tatu. Kwa miaka mitatu alimwomba Bwana Siraje, mwenye karakana, amruhusu kumtunga Wamono. Siraje alikubali kwa sharti moja: Hajati Habibah, muuzaji wao mkubwa Mbale, aagize boksi mia nne. Asipoagiza, kalibu ya Wamono ingeyeyushwa.

Habibah alimgeuzageuza Wamono mkononi, akamweka mezani.

"Mimi Mnubi, mwanangu," alisema. "Sisi watoto wetu tunawatahiri wadogo. Wanalia, wanapewa pipi, imekwisha. Hayo ya kusimama mbele za watu siyajui. Nimemwita anayeyajua."

Aliyeyajua aliitwa Sam. Kwa kazi ya kila siku alikuwa mchomeleaji vyuma katika karakana ya jirani. Miaka ya shufwa alikuwa ngariba. Aliingia na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, akainama kumtazama Wamono kama anavyotazamwa mtu.

"Huyu amesimama," alisema. "Macho yake haina woga. Mama yake nani?"

"Mimi," alijibu Eseza.

"Basi mama akae mbali kidogo, tuone mtoto." Sam alichukua karatasi ya maelekezo, akaisoma kwa kidole. "Kumrudisha kuwa greda. Moja: vuta bapa kutoka mabegani."

Akavuta. Bapa likaanguka mezani kwa mlio mdogo.

"Mbili: kunja magoti."

Akakunja.

Wapakizi wawili waliokuwa wameketi juu ya magunia walipiga kelele kwa pamoja.

"Ametupa fimbo!"

"Na magoti yamekwenda! Kimbia, bwana, kimbilia Jinja, huko hawaulizi!"

Sam hakucheka. Alimlaza Wamono chali, kwa upole. "Dada, mtu akiachia fimbo kabla ya filimbi ya kumaliza kisu, wajukuu wake wataimbiwa aibu yake. Hii hata mtoto wa chekechea Mbale anajua. Utamuuzia nani?"

"Ni mchezo wa watoto," alisema Isabirye. "Bapa ndilo linalofunga kiuno. Lisipotoka kwanza, hakuna kinachojikunja."

"Wewe Msoga?"

"Ndiyo, Msoga."

"Basi sikulaumu, bwana. Kwenu hakuna imbalu. Mtu hachori chumba ambacho hajaingia."

Wapakizi walicheka tena. Isabirye aliinamia mkoba wake wa zana ili wasimwone uso. Eseza alijua kwamba lawama haikuwa ya Isabirye peke yake. Mchoro ule aliupitisha yeye, kwa sahihi yake. Imbalu aliijua kwa picha za simu alizotumiwa na binamu zake, na picha zote zilikoma pale filimbi ilipolia. Yaliyofuata hakuwahi kuyaona, wala hakuwahi kuuliza.

Isabirye alitoa tupa ndogo. Alikwangua jino la kiunoni kwa dakika kumi, akapuliza vumbi la plastiki, akamsimamisha Wamono. Sasa magoti yaliweza kukunjwa bila bapa kutoka. Lakini lori lilipopita nje, meza ilitikisika, na Wamono akatikisika nayo tangu kiunoni hadi miguuni.

"Yesu! Anatetemeka!" alisema mpakizi mmoja.

"Heri alivyotupa fimbo," alisema mwenzake.

Habibah alivuta shungi lake vizuri. "Mwanangu, mmejitahidi. Lakini nikiweka hiki kwenye rafu, watakuja kucheka, na anayecheka hanunui. Mwambieni Siraje aniletee Turubai kama kawaida."

Isabirye alianza kurudisha zana mkobani. Eseza hakusogea. Alimgeukia Sam.

"Filimbi ikishalia, anafanya nini?"

"Anakalishwa. Anafunikwa shuka. Watu wanamletea kuku, pesa, kila mtu na alichonacho."

"Halafu anarudi?"

"Anarudi wapi?"

"Kuwa alivyokuwa."

Sam alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kirefu kilichomlazimu kushika meza. "Binti yetu, kweli Jinja imekula wewe! Hiyo hairudi. Hata ulie, hata uende kortini, hairudi."

Eseza alinyoosha mkono kwa Isabirye. "Nipe kipini cha tumbo la Saruji."

Kilikuwa kipini chenye meno ya upande mmoja. Kiliingia, hakikutoka. Karakana ilikitumia ili mtoto asifungue tumbo la Saruji akameza mpira uliomo.

"Eseza," alisema Isabirye polepole, "huyu ndiye wa pekee tuliye naye. Jumatatu Siraje anataka kumwona akienda na kurudi. Roboti isiyorudi si kigeuzi. Ni sanamu."

"Najua."

"Ukikosea hakuna wa kesho."

"Nipe."

Alimpa. Eseza alimgeuza Wamono kuwa greda kamili, akalisukuma mezani kidogo, magurudumu yakazunguka. Kisha akaanza upya: akanyoosha miguu, akainua kiwiliwili, akalaza bapa nyuma ya shingo, akafunga mikono juu yake. Alitafuta tundu la kiunoni kwa ukucha, akaweka kipini, akabonyeza kwa dole gumba. Kililia kak.

Lori jingine lilipita. Meza ilitikisika. Wamono hakutikisika.

Habibah alimchukua, akavuta bapa. Akavuta kwa nguvu zaidi. Halikutoka.

"Kwa hiyo mtoto anageuza mara moja tu? Ya pili atalia."

"Labda atalia," alisema Eseza. "Au atangoja mpaka watu wake wafike, ndipo ageuze mbele yao."

Habibah alimtazama Sam. Sam aliinua mabega, akashusha miwani yake. "Mimi ningekwenda kuona," alisema.

Habibah alimrudisha Wamono mezani. "Mia nne. Na boksi liseme kwa herufi kubwa kwamba ni mara moja, wasije wakanigombeza mimi."

Sam alirudi kwenye geti alilokuwa akilichomelea. Wapakizi walishusha magunia ya mchana huo, wakisimuliana. Isabirye alichora kiuno kipya akiwa ameketi garini, kabla ya kuwasha injini. Jumatatu, Siraje alivuta bapa kwa dakika nzima, akakasirika, akafuta neno Vigeuzi kwenye boksi la Wamono, lakini akatoa kibali atengenezwe. Habibah aliuza boksi mia mbili sitini na moja hadi mwisho wa Agosti, na akawakatalia wazazi kumi na tisa waliotaka kubadilishiwa. Eseza aliandika hadithi ya Wamono upya na kumsomea Sam kwa simu; Sam alisahihisha mahali pawili. Kisha Eseza aliomba likizo ya siku tatu, akaenda kwa baba yake mdogo Wanale, akasimama nyuma kabisa pamoja na wanawake wa ukoo wake, akangoja filimbi.