Sharti la Mwenye Sauti

Gereji ile ina mafundi wa kila namna: wa injini, wa breki, wa rangi, na mmoja wa kelele. Huyo wa kelele ndiye Fundi Masharti. Kontena lake la chuma liko kona ya mwisho kabisa, nyuma ya lori bovu ambalo mwenyewe alishalikatia tamaa. Ndani mna meza, feni, kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi, na redio za magari zilizopasuliwa matumbo. Kazi yake si kuunga waya na kubadilisha fyuzi tu; hilo hata wa breki angeliweza akijikaza. Yeye huichukua redio iliyokomewa na kiwanda chake, ile inayokataa kusema lugha yoyote ila ya huko ilikotoka, akaifuta kumbukumbu yote na kuipakia mfumo mwingine uitwao Mlio.

Mlio hauna mwenyewe. Ni mfumo huria: watu waliotawanyika duniani, wasiojuana hata sura, huuandika kwa kupokezana, na kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua aone unavyofanya kazi, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Bure, lakini kwa masharti, na hapo ndipo fundi wetu alipopata jina. Mteja kashalipia ufundi, kashika usukani, anataka kuondoka zake. Fundi kamsimamia dirishani.

"Usiufunge. Ukimpa mtu, mpe na ruhusa zote ulizopewa wewe. Na majina ya walioutengeneza usiyafute. Umekubali?"

"Nimekubali, Fundi."

"Umekubali nini? Hebu sema."

Hapo wa breki, akiwa chini ya gari la jirani, hupaza sauti: "Mwachie mtu aende! Kaja kufunga redio, hakuja kufunga ndoa!"

Wacheke watakavyo, Fundi hakuwa na mzaha na jambo hilo. Kuna duka moja kubwa la vifaa vya magari lililowahi kuuza redio zenye Mlio huku limefuta majina ya waandishi na kuweka lake. Fundi alilikalia kooni, barua juu ya barua, mpaka likasalimu amri na kuyarudisha majina yote. Hakuambulia hata shilingi, wala hakuitaka. Alichotaka ni kwamba mtu akitoa kitu chake kwa sharti, sharti liheshimiwe.

Sasa, Mlio huzungumza. Simu ikishika husema, "Simu imeunganishwa." Mlango ukisahauliwa husema, "Mlango wa nyuma haujafungwa." Kwa Kiswahili, sehemu anayoisimamia Fundi mwenyewe, husema kwa sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyezoea kurudia jambo bila kukasirika. Madereva wanaipenda, na wengi wanamwita Shangazi. Ni wachache mno wanaojua kuwa Shangazi ana mwili na miguu, anafundisha darasa la watoto wadogo upande wa pili wa mji, na kwamba kabla ya kuwa Shangazi wa watu wote alikuwa mke wa Fundi Masharti.

Waliachana bila vita. Haikuvunjwa sahani, hawakuitwa wazee. Mwalimu alikunja nguo zake mchana mmoja, akamwambia mumewe kwamba amechoka kuishi na mgongo, akaenda. Mgongo ndio aliokuwa akiuona: mume kaielekea kompyuta, anawajibu watu wa Mlio wa huku na kule, na kwa upole ambao mezani haukufika. Mtu wa mbali akikwama na redio yake, Fundi atamwelekeza hadi apone. Mke akisema kichwa kinamuuma, ataambiwa "pole" na kisogo.

Tangu hapo Fundi hana wa kumuuliza ameamkaje. Mchana anao wateja wenye haraka na wa breki mwenye maneno. Jioni ana chumba, kitanda, na friji bovu linalonguruma kwa zamu. Na tuseme kinagaubaga, maana kuficha hakumsaidii: mtu yule alikuwa mpweke kupita kiasi. Akimaliza kufunga redio, kabla hajamwita mwenye gari, hukaa kiti cha dereva, hupandisha vioo, kisha hunyoosha mkono nyuma na kuufungua mlango makusudi.

"Mlango wa nyuma haujafungwa," husema Mwalimu.

"Naufunga," hujibu Fundi. Naye haufungi, ili aambiwe tena.

Basi siku moja, jua limewaka mpaka mabati yanalia, Fundi alikuwa ameinamia kazi akasikia, "Hodi." Aliinua shingo kuangalia ni redio ipi aliyoisahau ikiwaka. Zote zilikuwa zimezimwa. Alipogeuka akamwona Mwalimu mlangoni, na nyuma yake pikapu nyeupe iliyooshwa ikaoshwa.

"Karibu, Mwalimu. Kaa." Kiti kilikuwa kimoja, na juu yake pana betri. Aliihamisha, akajipaka uchafu shati zima.

"Sikai, Fundi. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu. Umependeza."

"Ahsante. Naolewa. Nimeona nije nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Fundi akasema hongera. Aliitamka vizuri, herufi zote, kisha akaishika bisibisi ingawa hapakuwa na cha kufungua.

"Gari ni la mchumba wangu," Mwalimu akaendelea. "Kalinunua lina redio yenu hiyo. Nimekuja unitoe."

"Kwenye pikapu hii? Kazi ndogo, hata chai haipoi."

"Kwenye zote."

Hapo Fundi akawa Fundi Masharti. Alinyoosha mgongo, akaeleza. Kitu huria kikishatolewa hakirudishwi, maana watu wameshakichukua na kujenga juu yake. Kila mtoaji akianza kudai chake, mfumo mzima utakwenda arijojo. "Na wewe ulikubali, Mwalimu. Kwa mdomo wako. Nilikurekodi."

"Nilikupa wewe," alisema Mwalimu. "Sikuwapa watu wote."

"Leseni haisemi hivyo."

"Leseni ipi? Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwangu nakusomea wewe." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Watoto darasani wananiambia, Mwalimu, unakaa kwenye gari la baba. Nacheka nao, yanaisha. Kinachonikera si hicho. Nyuma ya sauti yangu nalisikia friji letu. Watu hawalisikii, mimi nalisikia. Kila nikipanda gari la mtu najikuta nimerudi kwako, nakusubiri. Sitaki kwenda kwa mume mwingine huku bado nakusubiri wewe."

Mwanamume mwingine angelishika neno hilo la kusubiri. Fundi alishika la sheria, kwa sababu ndilo alilolimudu. "Rekodi ninayo yote, sijaifuta. Nitaitafuta. Kama hukukubali, nakutoa kote. Kama ulikubali, umebaki."

"Haya," alisema Mwalimu. "Tafuta."

Usimwone katili. Hakuwa akitetea leseni wala mfumo. Sauti ile ikiondoka, dunia nzima haina tena mtu wa kumwambia kwamba mlango wake uko wazi, na yeye alilijua hilo tangu Mwalimu alipotamka "zote".

Jumapili gereji hufungwa. Fundi aliingia kontenani mchana, akawasha feni, akavaa hedifoni, akaifungua rekodi ndefu ya siku ile walipoketi chumbani, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia makelele ya barabarani. Kutoka kwenye rekodi ile alikuwa amekata sentensi za Mlio tu, moja moja, kama anayechambua mchele. Yaliyobaki hakuwahi kuyasikiliza.

"Simu imeunganishwa," alisoma Mwalimu.

"Rudia," ikasema sauti ya Fundi mwenyewe.

"Simu imeunganishwa. Leo kuna katoto kameniita mama mbele ya darasa zima, kakaona haya, kakajificha chini ya dawati."

"Usisogee, maikrofoni inashika. Rudia."

Ilikwenda hivyo. Mwalimu anasoma, kisha anapenyeza neno lake: mvua itanyesha, nyanya zimepanda bei, unakumbuka yule jirani wa zamani? Na kila mara ile sauti nyingine, rudia, tena, umemeza herufi. Fundi alijisikia akitamani kumnyamazisha yule mwanamume ili amsikie mwanamke. Hakujua kwamba alikuwa na sauti kavu kiasi kile.

Hatimaye akafika alipopataka. "La mwisho," ilisema sauti yake. "Sema kama umekubali sauti yako itumike."

Friji likanguruma kidogo. "Nimekubali," alisema Mwalimu.

Fundi aliipiga meza kofi. Alikuwa ameshinda! Aliinuka, akashika hedifoni azivue, na hapo ndipo alipokuwa amekata siku ile, palepale, baada ya neno lile. Lakini rekodi haikuwa imeishia pale.

"Nimekubali, aitumie anayetaka, popote anapotaka," aliendelea Mwalimu, na kicheko ndani yake. "Ila kwa sharti, maana si mume wangu ndiye Masharti? Leo tule pamoja. Mezani, tunatazamana. Nimeshapakua."

"Umepakua toleo gani?"

"Chakula, mume wangu. Nimepakua chakula."

"Aa. Sawa, sawa. Subiri kidogo."

Kilichofuata kilikuwa kibodi. Yule mume wa siku ile hakukumbuka kuizima rekodi, ikaendelea kunasa chochote. Kibodi inagonga. Friji linanguruma, linapumzika. "Chakula kinapoa," kwa mbali, kutoka jikoni. "Nakuja." Kibodi. Baada ya muda mrefu kiti kikavutwa sakafuni, kijiko kikagusa sahani. Fundi alizibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili akisikilizia kiti cha pili. Alisikiliza mpaka rekodi ilipokatika. Kiti cha pili hakikuvutwa.

Akalia. Hapakuwa na mtu wa kumwonea haya, akalia mpaka akachoka. Aliyelikaba duka zima kwa majina yaliyofutwa alikuwa amevunja leseni ya mke wake mwenyewe tangu jioni ya kwanza, na gari kwa gari, mji kwa mji, alikuwa akiigawa sauti isiyokuwa yake.

Jumatatu alimpigia. "Nimeisikia," alisema. "Ulikubali kwa sharti. Sikulitimiza. Leta pikapu."

Mwalimu alikuja baada ya masomo, chaki bado imo vidoleni. Fundi alikuwa ameshaiondoa sauti yake kwenye hazina ya Mlio na kutoa toleo jipya. Alimweleza ukweli: ambao hawatasasisha redio zao watabaki naye, hilo hana uwezo nalo.

"Magari yatachakaa," alisema Mwalimu. "Nitavumilia."

Alisimama kando akimtazama anavyochomeka flashi na kusubiri mstari ujae kwenye kioo. Redio ikazima, ikawaka. Fundi akaunganisha simu yake kuijaribu. Ilitoa mlio mfupi wa kengele, basi.

"Ulisikiliza hadi mwisho?" Mwalimu aliuliza.

"Hadi mwisho."

"Nilipika vizuri siku ile."

"Pole, mama," alisema Fundi, na safari hii alikuwa amemtazama usoni. Mwalimu aliipokea pole hiyo kwa kutikisa kichwa, akapanda pikapu. Fundi hakumsimamia dirishani na masharti. Wa breki, aliyekuwa ametega sikio chini ya gari lake, alijitokeza na kusogeza jeki yake ili pikapu ipite.

Fundi alijaribu kuziba pengo la sauti ile. Alifunga mlango wa kontena, akaiwasha maikrofoni, akasoma, "Simu imeunganishwa." Alipoirudisha aisikie, alisikia mtu mzima akijisemesha mwenyewe ndani ya bati. Akaifuta. Alizipitia namba zote kwenye simu yake akitafuta mwanamke au mwanamume wa kumwomba asome: wateja, muuza spika, muuza waya, mwenye nyumba. Kila mmoja alikuwa mtu wa kupigiwa kwa shida fulani, na shida hii haikuwa ya yeyote kati yao. Akaliacha toleo likiwa bubu, na chini yake akaandika sababu: sharti la mwenye sauti halikutimizwa.

Wiki ile jukwaa la Mlio lilijaa malalamiko. Shangazi kaenda wapi? Redio imekuwa bubu. Mlango umebaki wazi njia nzima, mizigo imeloa. Wengine, wajuaji wa sheria, walikaza uzi kwamba ruhusa ikishatoka imetoka. Fundi hakuwajibu. Mwisho akaandika Bundi, ndivyo anavyojiita, mwenzake wa miaka mingi katika Mlio, ambaye hawajawahi kuonana naye wala kusikiana sauti.

"Ndugu yangu," aliandika Bundi, "wewe husemi jambo la masharti ovyo, kwa hiyo nakuamini. Lakini sharti lenyewe ni lipi? Tuko wengi hapa. Kama ni kazi, tutaifanya. Kama ni mchango, tutachanga. Tuambie, tulitimize hata sasa."

Fundi aliandika aya ndefu, akaeleza godoro, friji na neno kupakua, akaifuta yote. Akakaa na mikono juu ya kibodi, feni likigeuka kumtazama na kumpa kisogo. Kisha akaandika jibu fupi, akalituma:

"Haiwezekani tena. Ilikuwa nile naye. Alishakula."