Nyuso za Kununa za Kiamaiko

Kavutha alikuwa keshia wa benki pale Kiamaiko, jirani na soko la mbuzi, na foleni ya dirisha lake ilikuwa ndefu hivi kwamba wapo wanaoapa mbuzi mmoja aliingia humo na mimba, akafika mbele ananyonyesha. Madirisha mengine matupu. Watu walimtaka Kavutha, aliyejua mtoto wa nani anafanya mtihani na nani ametoka hospitali.

Sasa ajabu ni hii. Benki ilikuwa imeweka kidude mbele ya kila keshia: ukihudumiwa vizuri unabonyeza uso wa kucheka, vibaya, uso wa kununa. Na kila mwezi Kavutha aliambulia kununa tupu.

"Hata mimi sielewi," meneja Musau alimwambia asubuhi hiyo. "Lakini makao makuu hawaoni foleni, Kavutha. Wanaona kidude. Ikifika Ijumaa bado hivi, kazi huna."

Alirudi dirishani akijikaza. Haukuwa mshahara peke yake uliomuuma. Hata Jumapili, nyumbani mtaa wa Fedha, alikuwa akijiuliza nani atakuwa wa kwanza dirishani kwake Jumatatu.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Dubow, mchuuzi wa mbuzi, mzee wa ndevu za hina. Akahudumiwa, akashukuru, akamwombea dua ndefu, kisha akabonyeza uso wa kununa.

"Mzee Dubow, nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu, binti yangu."

"Mbona unaninunia? Ijumaa wananifuta kazi kwa hicho kidole chako."

Mzee akainama karibu na kioo.

"Walahi, sisi tulikuwa tunakuficha."

"Kunificha?"

"Ukimpenda mbuzi sokoni, unamsifu mbele za watu? Unasema amekonda, ana kikohozi, ndiyo wasikunyang'anye. Elsie, keshia wa kabla yako, tulimsifu, makao makuu wakambeba kumpeleka mjini, wakatuletea yule kijana wa kuziba pua kwa harufu ya mbuzi. Ulipokuja wewe tukakubaliana soko zima: huyu tutamponda mpaka astaafu."

Foleni yote ikaangalia viatu vyake. Kavutha hakujua acheke ama alie, kwa hiyo akafanya yote mawili.

Siku zile soko likahamia benki. Watu waliingia bila shughuli yoyote, wabonyeze uso wa kucheka, watoke. Ruqiyo wa supu alibonyeza kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Kidude kilipata moto, ikabidi Musau akipepee kwa faili.

Ijumaa makao makuu wakapiga simu: keshia bora wa mwezi, aje mjini apewe cheo na ofisi yenye zulia.

"Si unaona?" Dubow alimnong'oneza Ruqiyo pale mlangoni. "Nilisema mimi."

Kavutha akaiangalia foleni.

"Nashukuru sana, kwa moyo wote," aliiambia simu. "Ila mimi nina wenyewe huku."

Dubow alikuwa tayari amefika dirishani, akigonga kioo na kumwonyesha kidole juu, juu zaidi, kama anayepandisha bei ya mbuzi.

"Na nyongeza ya mshahara," Kavutha akasema, "mnaweza kuituma huku huku."