Mwananchi wa Kawaida Avuka Barabara

Kaka yangu tunamwita Rudia, na si kwa sababu alirudia darasa, ingawa alirudia. Anatengeneza filamu za matukio ya kweli, na hajawahi kuridhika na tukio la kweli mara ya kwanza. Huliomba lirudiwe.

Mwaka ule alikuwa akitengeneza filamu kuhusu demokrasia yetu. Ilikuwa changa kwelikweli: ndiyo kwanza inaota meno, na tayari ilikuwa imemng'ata mlezi. Uchaguzi wa pili ulituzalia marais pacha. Mmoja alijiapisha ndani ya benki, mwingine akajiapisha posta, jengo linalotazamana na benki, na kila mmoja akajaza askari madirishani. Kati yao ilibaki barabara moja, kimya, ambayo hata paka waliivuka kwa adabu. Pande zote zilikuwa zikisubiri amri tu.

Rudia alitaka mtu aivuke barabara hiyo. Kwenye karatasi zake mtu huyo aliitwa Mwananchi wa Kawaida. Wananchi wa kawaida wote walikataa. Akabaki Mama.

Sisi wawili tulikuwa ghorofa ya tatu, katika hoteli ambayo wageni walikwisha kuikimbia, mimi kwenye kamera, yeye dirishani na redio ya mkononi. Mama alisimama chini, mlangoni pa duka la dawa, redio ya pili ikiwa ndani ya mkoba wake. Aliyetuuzia alituapia kwamba ndizo hizohizo wanazotumia wanajeshi. Tukadhani ni maneno ya biashara.

"Mama, ukifika katikati, simama utazame mbali, kama mtu anayeiwazia nchi yake."

"Nawaza kama nilizima jiko."

"Waza hivyohivyo, uso unafaa. Tayari? Haya, nenda... piga!"

Alikuwa akiniambia mimi, nipige picha. Mama akaondoka. Alipofika katikati, benki ikapiga. Posta nayo ikapiga. Vioo vilimwagika barabarani, na mimi nikajikuta uvunguni mwa kitanda, nimeikumbatia kamera kama mtoto. Mama alijitupa nyuma ya chungu cha maua cha manispaa.

Mtu mwingine angemwita Mungu. Rudia aliishika redio akafoka kwa mazoea:

"Kata! Kata! Nani ameharibu?"

Kimya. Hata vumbi lilisita.

"Tumekata, Afande," redio ikasema kwa sauti nzito. "Tumekosea wapi?"

"Na sisi tumekata," ikasema nyingine. "Walioanza ni wao."

Rudia aliinama akanitazama uvunguni, macho yamemtoka. Kumbe aliyetuuzia redio hakudanganya. Benki, posta na sisi tulikuwa tukisikilizana. Na amri iliyongojewa na askari wa marais wawili alikuwa ameitoa kaka yangu.

"Mama," akasema polepole, "inuka urudi kwenye duka la dawa."

"Siwezi. Nimepiga magoti juu ya—"

Benki ikapiga.

"Kata! Mama, usilitaje neno hilo!"

"Neno lipi? Piga?"

Posta ikapiga. Chungu kikapoteza sikio moja na maua yote.

"Kata! Kata!"

"Unanipigia kelele, mimi niliyekuzaa?"

"Kata, jamani!"

Jaribu kuishi siku moja bila neno hilo. Pasi hutaigusa, simu itakushinda, kura ndiyo usahau kabisa. Na Mama alikuwa na mafua. Nilimjua: chafya ikimjia, huitangaza kwanza.

"Waondoe!" nikanong'ona. "Wewe si ndiye Afande?"

Rudia akasema yale asemayo kila siku kazini:

"Haya. Kila mtu arudi mahali pake pa mwanzo."

Redio ikafikiri.

"Pa mwanzo wapi, Afande? Kabla ya leo, au kabla ya uchaguzi?"

Rudia aliangalia chini. Kiatu kimoja cha Mama kilikuwa kimechungulia kando ya chungu.

"Kabla ya uchaguzi."

"Mimi kabla ya uchaguzi nilikuwa nauza viatu."

"Basi kauze!"

Wakatoka. Mmoja alikuwa na godoro kichwani. Wa benki na wa posta waliulizana njia, na kijana mmoja akamwinua Mama, akampangusa vumbi, akamwamkia. Juu madirishani marais wawili walipayuka hadi sauti zikakauka, lakini nani awasikie? Katika mgao wa redio, wao walisahauliwa.

Mama alifika chumbani akihema, mzima, kiatu mkononi. Nikatoka uvunguni.

"Umepata?" Rudia akaniuliza.

"Nimepata uvungu wa kitanda, mwanzo hadi mwisho. Picha safi."

Rudia akaitazama barabara tupu. Akautazama mwanga, na kwa kweli mwanga ulikuwa mzuri. Mkono wake ukaifuata redio.

"Jamani wote," akasema, "naomba turudi—"

Mama akamnasa kibao.

Hicho nami nilikinasa.