Friji ya Makaa

Joash Omanga alianza kulichukia jina la Makori kwa sababu ya maharagwe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Februari. Alikuwa amefika nyumbani kwake, nje kidogo ya Rongo, akitokea Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu alikoshinda wiki nzima chini ya ardhi akipiga nguzo za kuzuia kuta zisiporomoke. Mkewe Metrine akampakulia nyoyo, mahindi na maharagwe, laini kiasi cha kuyeyuka mdomoni. Joash akala sahani mbili, kisha akauliza leo kumetiwa nini.

"Sikutia kitu," Metrine akasema. "Nilikuwa nakosea miaka hii yote, Baba Bravin. Nilikuwa natia nyanya mapema. Nyanya ina uchachu, na ule uchachu unashika ganda la haragwe lisilainike. Kwanza yaive, ndiyo nyanya iingie. Makori ametueleza."

"Makori ni nani?"

"Mwalimu wetu wa Alhamisi, pale kanisani. Si nilikwambia?"

Alikuwa amemwambia. Joash alikumbuka kitu kama hicho: kikundi cha akina mama, mtu anatoka Homa Bay kuwafundisha kupika na kuhifadhi chakula. Hakuwa ameliweka akilini. Kwake yeye mwalimu wa kupika alikuwa mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani, si mwanamume mwenye jina la Makori.

Tangu siku hiyo akawa anamkuta Makori kila pembe ya nyumba. Viazi vilihamishwa chini ya kitanda, kwenye giza, visiote rangi ya kijani. Vitunguu vikatenganishwa navyo. Ndizi mbivu zikaondolewa kwenye kikapu cha maparachichi kwa kuwa, Makori alisema, ndizi ikiiva hutoa hewa inayoivisha wenzake. Maziwa yakichemka, sufuria inawekwa ndani ya karai la maji baridi yapoe upesi, kwa maana vijidudu hupenda vuguvugu. Mwanamume ambaye hajawahi kukanyaga uani kwake alikuwa ameshampangia vyombo vyake vyote.

Lakini kilichomchoma hasa kilikuwa uso wa Metrine anapoyasema hayo. Joash alimwoa kutoka Awendo, ambako wazazi wake walikuja kutoka Kakamega kukata miwa. Yeye Mjaluo, mke Mluhya, wakakutana kwenye Kiswahili na wakajenga nyumba yao humo. Siku zile za uchumba Metrine alikuwa na namna ya kufungua macho akianza kueleza jambo, mikono nayo inaeleza. Miaka ilikuwa imepita bila Joash kuuona uso ule. Sasa ulikuwa umerudi, na aliyeurudisha si yeye.

Jirani yao Filister, mama mpole asiye na fitina, ndiye aliyemwaga mafuta motoni bila kujua. "Shemeji, mwalimu wetu ni kijana msafi, na ana subira," alimwambia walipokutana kisimani. "Mama Bravin ndiye hukaa kiti cha mbele. Wakianza maswali, sisi wengine tunasinzia."

Wiki ile yote, chini ya shimo, Joash aliona kile kiti cha mbele. Alipiga nyundo akakiona. Alikula chapati na chai pamoja na wenzake akakiona. Jumamosi akarudi nyumbani na swali lake, na kwa aibu akaliuliza kwa kuzunguka.

"Huyo mwalimu ana mke?"

"Sijui," Metrine akajibu akichambua majani ya osuga, mnavu wa kwao. "Mimi namuuliza mambo ya chakula."

Basi ikaja habari ya friji. Metrine alikuwa akiuza mboga soko la Rongo, na karibu nusu ya nyanya zake ziliharibika kabla ya kupata mnunuzi. Kikundi kilikubaliana kwamba Makori aje siku ya Jumamosi inayofuata aonyeshe jinsi ya kujenga friji ya makaa: kabati la mbao lenye kuta mbili za waya wa kuku, katikati ya kuta makaa, na makaa yakimwagiwa maji ndani kunapoa. Nyumba iliyochaguliwa kwa mfano ilikuwa ya Mama Bravin.

Alhamisi Joash aliomba ruhusa machimboni akarudi na vipande vya mbao na waya mabegani. Ijumaa alijenga kutwa nzima. Mikono yake ilizoea kuunganisha nguzo zinazobeba uzito wa ardhi, na kabati lile halikumpa shida. Alilitia mlango wenye bawaba na rafu tatu, akajaza makaa mpaka juu. Akaliweka nyuma ya jikoni, pale kwenye uchochoro kati ya ukuta na ghala la mahindi, mahali ambapo jua halifiki saa yoyote.

"Si tungengoja?" Metrine alimwambia. "Alisema kuna namna ya kuchagua mahali."

"Nimeshachagua."

Makori alifika Jumamosi na akina mama kumi. Alikuwa kijana kweli, wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu. Alimsalimu Joash kwa mikono miwili. Akalizunguka kabati, akagonga maungio, akafungua na kufunga mlango.

"Kazi safi, mzee. Sijaona maungio kama haya popote nilipofundisha."

Kisha akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu. Joash alimwona akimtazama Metrine, na Metrine akiangalia chini.

"Kivuli umepatia," Makori akasema polepole, kama mtu anayepita kwenye matope. "Shida ni upepo. Maji yakikauka kwenye makaa huondoka na joto, kama jasho linavyotupoza. Lakini lazima upepo uyachukue. Hapa kuta zimeuzuia."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Akina mama walitazama kuku. Ndipo Metrine, ambaye Joash aliona kabisa anajizuia, akashindwa kujizuia.

"Kama nguo ukizianika ndani ya nyumba," akasema. "Zinakaa mbichi siku mbili."

"Hasa. Ndivyo ilivyo."

Wakatazamana, wakatabasamu. Lilikuwa tabasamu fupi, la watu wawili waliofika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na halikuwa na ubaya wowote. Joash angeweza kuvumilia ubaya. Hili hakuliweza.

"Litakaa hapo hapo," akasema. "Boma ni langu."

"Ni sawa, mzee," Makori akajibu. Wageni waliondoka kabla chai haijachemka.

Majuma mawili Metrine aliyamwagia makaa yale maji asubuhi na jioni, kama walivyofundishwa, bila kulalamika. Joash alikuja Jumamosi ya kwanza akakuta nyanya zimeota ukungu mweupe. Ya pili akakuta osuga imekuwa utelezi mweusi, Metrine anaibeba kwenye karai kumpelekea ng'ombe. Alingoja aambiwe kosa lake. Alitamani aambiwe, ili naye apate la kujibu. Metrine akapita na karai lake kimya. Alipokuwa peke yake Joash akafungua mlango wenye bawaba, akatia mkono ndani. Kulikuwa na fukuto kama pumzi ya mgonjwa.

Jumatatu hakwenda Osiri. Alikwenda Homa Bay. Alijiambia kwamba anakwenda kumwonya yule kijana, na njia nzima akapanga maneno. Akamkuta ofisini peke yake, mezani kuna mizani ndogo na mikebe ya karanga. Makori akasimama akampa kiti. Joash hakukaa.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja. Unamtaka mke wangu?"

Makori alifunika kalamu yake, akainua macho.

"Nilianza kuingoja Alhamisi," akasema. "Sitakuficha. Nafundisha vikundi vitano, na watu wanaandika, wanashukuru, wanakwenda. Yeye anauliza. Hajui lolote, sijamwambia lolote, na zaidi ya salamu sijamgusa. Nilipoona moyo wangu unakoelekea, niliomba mwenzangu alichukue darasa la Rongo. Ataanza wiki hii."

Joash alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukana. Kwa mtu wa kukubali hakujiandaa. Alisimama pale, mikono imening'inia, na kilichomtoka kinywani kilimshangaza yeye mwenyewe.

"Huwa anauliza nini?"

Makori akamtazama kidogo. "Mambo mengi. Kwa nini ugali ukilala unakuwa mgumu, na ukipashwa moto unalainika tena. Kwa nini samaki wa chumvi haozi, na mboga ikitiwa chumvi inatoa maji. Siku moja aliuliza kwa nini kitunguu kinaliza kikikatwa na hakilizi kikiwa kizima. Jibu lake nililazimika kwenda kulisoma."

Joash akaketi. Ugali ule uliolala ulikuwa ugali wake. Samaki yule alimnunua yeye. Maswali hayo yote yalikuwa yanaishi chini ya bati lake na hakuwahi kukutana nayo. Akakumbuka, bila kutaka, mwaka wao wa kwanza, Metrine akimuuliza dhahabu inatenganaje na mchanga wakati vyote viwili ni vumbi, na yeye akijibu kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Hakuulizwa tena.

Kesho yake asubuhi alilivunja lile kabati. Alilisimamisha upya mbele ya boma, kwenye mwinuko penye mwanya kati ya mikaratusi, akaliezekea nyasi liwe na kivuli. Metrine alikuja kushika mbao bila kuitwa. Joash akamwambia amekwenda Homa Bay, ameelezwa habari ya upepo. Zaidi ya hapo hakusema. Jioni alitia mkono ndani, akakuta ubaridi kama wa kisima asubuhi.

Nyanya zikadumu siku nane. Sukuma wiki ikakaa wima. Filister akaja kutazama, akataka na yeye ajengewe. Joash angepaswa kuwa na raha, na siku za kwanza alikuwa nayo, raha ya mtu ambaye mshindani wake ameondoka njiani mwenyewe.

Lakini mwalimu mpya alisoma kwenye karatasi. Akiulizwa alisema hilo halipo kwenye mpango. Alhamisi baada ya Alhamisi Metrine alirudi na kuvua viatu vyake kimya, akashika kazi. Uso ule ulikuwa umezimika tena, na mara hii Joash alijua ni nani aliyeuzima. Alivumilia majuma matatu. Jumamosi moja Metrine, akiwa amepiga magoti mbele ya jiko, akasema bila kugeuka:

"Labda maswali yangu yalimchosha Makori. Angetuaga basi."

Hapo Joash akashindwa. Akamwambia yote: ofisi, swali lake, jibu la yule kijana, neno kwa neno. Metrine aliepua sufuria, akaiweka chini, akafunika.

"Kwa hiyo mlikaa wanaume wawili Homa Bay," akasema, "mkaamua mimi nisisome."

"Aliamua yeye, kabla sijafika."

"Na wewe ukafurahi."

Joash akaitikia kwa kichwa.

"Sikumtaka Makori," Metrine akasema, na sauti yake haikupanda. "Moyo wake ni shida yake, na wako ni shida yako. Mimi nilitaka kujua vitu. Kuna kozi pale Homa Bay, kila Jumatano, miezi sita. Walimu ni watatu, na yeye ni mmoja wao. Nilikuwa nimeiacha kwa sababu ya watoto. Sasa nitakwenda. Sikuombi ruhusa, Baba Bravin, nakuarifu."

Alikwenda. Joash alipanga na wenzake machimboni awe nyumbani kila Jumatano, awe kazini Jumapili. Alipika, akawapokea watoto wakitoka shule, akamwagia makaa maji. Kila Jumatano, ikifika saa nane mchana, wivu ulimjia kama homa yenye ratiba: alimwona mkewe kwenye kiti cha mbele, akaona kidole kilicholoweshwa, akaona lile tabasamu fupi. Alishika ndoo yake akaenda kwenye mwinuko. Wakati mwingine alimwaga maji mara tatu pasipo haja.

Metrine aliporudi, Joash alimuuliza: "Leo umeuliza nini?" Majuma ya mwanzo alijibiwa kwa neno moja au mawili. Hakustahili zaidi, na alilijua hilo. Aliendelea kuuliza.

Jumatano moja ya Juni Metrine aliingia akaketi kwenye kigoda viatu vikiwa bado miguuni, akaanza kueleza kwa nini karanga zisizokauka vizuri ni hatari hata zikikaangwa: huota ukungu, na ule ukungu huacha sumu, na moto wa jikoni hauimalizi. Unaua ukungu, sumu inabaki. Mikono yake ilikuwa inaeleza pia. Joash alisikiliza huku sikio moja likitafuta jina la yule mwalimu, na lilipotajwa, likamchoma mahali pale pale.

"Rudia hapo pa sumu," akasema. "Kama moto umeua ukungu wenyewe, sumu yake inabakije?"

Metrine akamtazama, akaona kwamba anauliza kweli. Akavuta kigoda karibu.