Sura Niliyomwazima Merle

"Usicheke, Bi Mastura. Mdomo unanikimbia."

Nikaubana mdomo, kicheko kikanitokea puani. Merle akashusha brashi, akaniangalia juu ya miwani, akasonya vile vile kama tusonyavyo sisi.

Kwao Grenada, kisiwa cha huko Karibiani, nao wanaanika kungumanga kama tulivyokuwa tukianika Unguja. Alisomea uchoraji London, akafundisha Dar es Salaam ujanani, ndiko alikookota Kiswahili chake cha bara, kisha skuli za hapa Maskati, Omani, mpaka akastaafu. Picha zake zimetundikwa kwenye mahoteli ya mtaa wa Qurum. Mwenyewe alipanga chumba cha uani kwetu, mlango unatazamana na jiko langu. Siku hizi karudi kwao, na Muhanna, mwanangu, anawekea mle matairi.

Nyumba yetu ina watu tele, na hakuna anayeniangalia. Si ubaya. Muhanna hunibusu kichwani na simu i sikioni. Wajukuu wananisemesha Kiarabu, jibu hawalingoji. Basi Merle aliponiomba nikae anichore, niliona haya, nikaenda kujitia wanja. Kila alasiri akawa ananitazama kope, ananitazama shavu, mtu mzima mie nna makunyanzi, na nikahisi nimo duniani.

Siku hiyo akatoka kupokea simu. Nikainuka kuchungulia.

Pua yangu. Macho yangu. Lakini kidevuni pana kovu nisilo nalo, masikioni vipuli nisivyovijua, na kichwani kitambaa cha mirabamiraba, ncha imesimama juu.

"Nani huyu?" nikamwuliza aliporudi.

"Mama yangu. Alikufa mimi niko London. Hatukuwa na picha yake hata moja. Nimechora watu maisha yangu yote, yeye haji. Halafu nikakuona jikoni unapepeta mchele."

"Kumbe mie si mie."

"Nisamehe, Bi Mastura."

Nikatoka na wanja wangu.

Kesho yake sikwenda. Nilikaa jikoni, mlango wake u wazi, namwona mbele ya kiti kitupu, brashi kavu mkononi. Muhanna akapita nyuma yangu. "Masalkheri, mama," akasema, na keshafika garini.

Nikajaribu kumkumbuka mama yangu mie. Sauti yake nnayo. Harufu ya mikono yake nnayo. Sura, kila nikiivuta, inakuja ya dada yangu.

Nikavuka ua, nikakaa.

"Kitambaa chenyewe kiko wapi?" nikauliza. "Na akikaaje, huyo mama? Mikono wapi?"

Merle akakitoa sandukuni, akanifunga, akakivuta kidogo upande wa kushoto.

"Mapajani," akasema. "Na alikuwa akinikemea."

"Nikukemee?"

"Nikemee."

Nikamtazama. Mifupa ya mabega imemtokeza hata ndani ya fulana.

"Merle wee! Umekula leo?"

Akatikisa kichwa kama mtoto, na brashi ikaanza kwenda.