Goti Lililobaki Nje

Goti la baba lilikuwa juu ya maji, na Mchungaji Oduor alikuwa analitazama kana kwamba limemtukana.

"Bado," akasema. "Goti liko nje."

Kanisa letu ni la kuzamisha. Uzame mwili wote, la sivyo hujabatizwa. Hilo hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua. Na goti la kushoto la baba halikuwa limenyooka tangu alipoanguka kutoka kwenye behewa, akiwa kijana wa reli. Ukimlaza, linasimama. Kwa hiyo kisima cha ubatizo kilipaswa kujaa mpaka ukingoni, nacho kilikuwa na maji ya kufika magotini tu. Nilitaka kulia, tena kwa hasira, kwa sababu maji yale aliyamaliza baba mwenyewe.

Mifereji ya mtaa wetu hapa Nakuru ilikuwa mikavu wiki ya tatu. Kanisa likaita lori la maji likajaza kisima Jumamosi, na baba, mzee Khisa, akajitolea kukilinda. Alikuwa amekitamani tangu daktari amwambie moyo wake umechoka.

"Nasimiyu, mama," aliniambia, "nimetukana watu maisha yangu yote. Nataka kuondoka nikiwa safi."

Nikamwamini. Nikaenda mjini kumtafutia kanzu nyeupe.

Kurudi, haki ya nani, nikakuta foleni ya mitungi kutoka mlango wa kanisa mpaka kwa fundi viatu. Mbele kabisa alikuwa Farhiya, jirani yetu Mwislamu mwenye mtoto mchanga, akiomba radhi kila anapochota. Baba naye amekaa kitini anawapanga.

"Wenye watoto wachanga mbele! Wewe wa mitungi mitatu, utangoja!"

"Baba! Na ubatizo wako?"

"Mtoto wa Farhiya hajaoga wiki nzima."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mchafu tangu zamani. Nikingoja kidogo nitaoza?"

Sasa ona tulipofika. Mwezi mzima Mchungaji Oduor alikuwa ameita uamsho kwa spika mpaka mabati yanatetemeka, na leo, Jumapili ya ubatizo, mzee wa watu anatetemeka majini, yeye anakagua goti.

"Tungoje mwezi ujao, tulete lori lingine," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki, mzee."

"Hayakumwagika, Pastor. Watu wamepikia."

Mwezi ujao! Alijua hali ya moyo wa baba kama nilivyoijua mimi. Nikapandwa na mori mbele ya kanisa zima.

"Pastor, huyu ana mwezi gani wa kungoja? Mnalilia uamsho kila siku, ukija mnaupima kwa rula?"

Mama mmoja wa kwaya akaanza kukunja leso yake upya.

Ndipo nikamwona Farhiya mlangoni, mtoto kifuani, mtungi mkononi. Hakuvuka kizingiti.

"Nilibakisha huu," akasema. "Chukua, ni wenu."

Nikauchukua bila kuomba ruhusa ya mtu, nikaingia kisimani na nguo zangu za Jumapili. Mchungaji akatazama goti, akatazama mlango, akashusha pumzi.

"Haya. Mwaga."

Akamzamisha baba, nami nikamwaga polepole mpaka goti likalowa lote. Baba akaibuka akikohoa na kucheka, na neno la kwanza alilolitamka kwa ile baridi siwezi kuliandika hapa.

Kamati, jamani, ilikutana wiki hiyohiyo ikanunua kufuli. La kufungia maji! Nilicheka mpaka nikashindwa kula.

Baba alituacha kabla ya mwezi kuisha. Siku ya ibada ya kumuaga mifereji ilikuwa imekauka tena, waombolezaji wamejaa uani na hakuna hata maji ya chai. Kisima kilikuwa kimejaa, kikingoja ubatizo wa Jumapili, kufuli limening'inia kwenye kifuniko chake. Mchungaji Oduor alihubiri kwa ufupi, bila spika. Alipomaliza akanijia. Nikajitayarisha kusikia yale maneno ya faraja ambayo kila mtu huyasema.

Badala yake alinishika mkono, akaniwekea ufunguo.

Nikatoka mpaka barabarani, macho yamejaa machozi, nikapaza sauti.

"Farhiya! Waambie walete mitungi. Wenye watoto wachanga mbele!"